Themanini na Tano

Fundi Mwinshehe alidondoka Kimara Temboni
kutoka mnara wa simtanki, lita elfu mbili,
spana bado mkononi.
Shingo ikasema neno moja tu, ikanyamaza.

Sasa ni usiku wa tatu Muhimbili, na zamu ni yangu.
Pampu ya sindano inasukuma polepole
dawa isiyogusa mfupa,
isiyoshona neva hata moja.
Kazi yake kubana mishipa iliyolegea,
iliyosahau kubana tangu amri zilipokatikia shingoni,
ili damu ipande, ifike
pale penye uvimbe, pale penye kiu,
kabla kilichobaki hakijafuata kilichokufa.
Themanini na tano, aliandika Daktari Rweyongeza,
akapiga mstari mara mbili.
Isishuke. Siku saba.

Dada yake, Sikudhani, alinishika koti:
"Nesi, mnampandisha presha?
Si ndiyo iliyomwondoa mama
akianua nguo kambani, Mbagala?"
Nikatafuta maneno. Chuoni hawakunipa.
Ikatoka sauti kitandani, kavu, juu ya kola ngumu:
"Dada, muache.
Presha ikiwa ndogo, nyumba za bondeni zinaoga,
ya mlimani inapata mluzi.
Na mimi nyumba yangu ya mlimani
iko hapa."
Akaonyesha kwa macho.
Mikono haikuitika.

Tangu hapo ananiuliza
kama mtu aulizaye bei ya nyanya:
"Ngapi?"
"Themanini na sita."
"Yanafika."
Anasema *yanafika*, maji, si damu,
nami sikumsahihisha.

Saa tisa usiku sindano ikakaribia kwisha.
Nilikuwa kitanda cha nne, kijana wa bodaboda anatapika,
na chupa mpya zilikuwa bado njiani,
zimenunuliwa kwa michango ya mafundi wenzake,
elfu mbili mbili, elfu tano tano, zikiingia kwa simu
na majina ambayo Sikudhani aliyasoma kwa sauti
ili Mungu naye ayasikie.
Monita ikalia. Sabini na moja.
Nikakimbia. Sitini na nane.
Mpwa wake akapanda ngazi mfuko mkononi,
nikavunja chupa, kidole kikachanika,
sitini na mbili.

"Ngapi?"
Nikasema, "Inapanda."
Haukuwa uongo. Halikuwa jibu.
Mtu aliyesikiliza mabomba miaka ishirini
hujua sauti ya koki inayozuga.
Akafumba macho.

Dakika kumi na moja.
Nimeziandika kwenye faili kwa wino, sikuzifuta.
Waulize wanaojua, dakika kumi na moja
zimechukua nini huko ndani:
kidole? kibofu? nguvu ya kushika kijiko?
Au hazikuchukua kitu,
maana pengine hakikuwepo cha kuchukuliwa?
Daktari alisoma, akakuna kidevu, akasema
hata hiyo themanini na tano wenyewe wanabishania.
Akatia sahihi.
Akaniambia nikaoshe kidole.

Asubuhi nikarudi Tabata.
Ilikuwa siku yetu ya mgao.
Majirani wamepanga ndoo toka usiku,
za bluu, za rangi, moja ina ufa umezibwa kwa sabuni.
Nikafungua bomba la uani.
Likakohoa.
Hewa. Hewa. Kutu kidogo, kama chai.
Nikaweka kiganja chini yake
na plasta yangu kidoleni, na viatu vya zamu miguuni,
nikasikiliza kule ndani, mbali,
kitu kinachojaribu kupanda.

Mama Neema akaniuliza, "Yametoka?"
Nikatazama saa.
Ya tisa.
Ya kumi.